Podikasti kwa muuzaji wa mtandaoni: anza na masikio, mdomo baadaye



Leo tuanze na asali. Kama unauza asali mtandaoni kutoka Karatu, meseji hii unaijua: "Dada, asali yako imeganda, umechanganya sukari. Naomba hela yangu." Mteja yuko Arusha, ni mwezi wa saba, baridi inauma, kopo limekaa kabatini wiki kadhaa. Unamwandikia kwamba asali halisi huganda yenyewe, hasa kwenye baridi, kwa sababu sukari yake ya asili inajitenga na maji. Unamwambia aliweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu, asali italainika tena. Hasomi. Au anasoma halafu anaona unajitetea, kwa sababu umeyasema baada ya yeye kulalamika.

Sasa fikiria maelezo hayohayo angekuwa ameyasikia kabla hajanunua. Kwa sauti yako, dakika nne, ukiwa na mfugaji nyuki anayecheka akisema hata yeye zamani alidhani asali ikiganda imeharibika. Kopo likiganda, mteja huyo hakutafuti kudai hela. Anamwonyesha jirani yake: "Unaona? Hii ndiyo yenyewe."

Hiyo ndiyo kazi ya podikasti kwenye biashara ndogo. Wengi mnatuuliza kama inafaa au ni mambo ya mastaa wa Dar wenye studio za taa za rangi. Jibu letu ni kwamba inafaa, ila siyo kwa kila mtu, na siyo kwa njia ambayo wengi wanaianza.

Kwanza tuelewane podikasti ni nini

Ni kipindi cha sauti kinachokaa mtandaoni, msikilizaji anakisikiliza muda anaotaka, na akishajiunga kipindi kipya kinamfikia chenyewe. Jina lilitokea mwaka 2004, mwandishi wa gazeti la The Guardian la Uingereza alipounganisha neno iPod na neno la Kiingereza la utangazaji. Mwaka uliofuata Apple wakaziweka podikasti kwenye iTunes, zikasambaa. Siku hizi wengine wanapiga na video, lakini roho ya kitu hiki ni sauti.

Na sauti ina faida moja ambayo picha haina: haihitaji macho wala mikono. Mteja wako anaosha vyombo, anaendesha gari, anasuka nywele, anapalilia, huku anakusikia. Posti yako ya picha inashindana na posti nyingine mia. Sauti ikishaingia sikioni, kwa dakika zile upo peke yako.

Anza kwa kusikiliza

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaokwambia "anzisha podikasti leo". Mwezi wa kwanza usirekodi kitu. Sikiliza.

Kwa Kiswahili vipo vipindi vya kutosha kuanzia. RFI Kiswahili, idhaa iliyoanza matangazo yake Dar es Salaam mwaka 2010, ina kipindi kinaitwa Gurudumu la Uchumi. Kinachambua masuala ya uchumi yanayomgusa mtu wa kawaida wa ukanda huu. DW Kiswahili wana mfululizo wa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, ambao unafundisha kwa michezo ya kuigiza. BBC wana Dira ya Dunia. Umoja wa Mataifa nao wana jarida lao la sauti kwa Kiswahili. Ukielewa Kiingereza, kipo cha Marekani kinaitwa How I Built This, kimeanza 2016, ambapo waanzilishi wa kampuni kubwa wanaeleza walivyoanza. Hicho usikimeze chote. Wale jamaa wakisema "nilikosa mtaji" mara nyingi wanamaanisha mambo tofauti na sisi tukisema. Lakini sikiliza sehemu wanazoeleza walivyompata mteja wa kwanza na walivyopanga bei. Humo kuna nyama.

Namna ya kusikiliza: pakua kipindi usiku au mahali penye Wi-Fi, usikile bando njiani. Kila kipindi toka na jambo moja tu la kujaribu wiki hiyo dukani. Moja. Andika kwenye daftari lile lile la madeni, ili ukilifungua kuangalia nani hajalipa, ulione. Anayesikiliza vipindi ishirini bila kujaribu hata kimoja ameburudika, sawa, lakini asiseme amejifunza biashara.

Na wakati unasikiliza, sikia pia wanavyofanya. Wanaanzaje? Wanakufikisha dakika ya ngapi kabla hujachoka? Wapi ulitaka kuruka mbele? Pale ulipotaka kuruka, mteja wako naye ataruka.

Somo la Mkwaju

Kabla hatujaja kwenye kurekodi, tukumbushane kitu cha nyumbani, maana tukizungumzia sauti kubadilisha watu tuna mfano ambao dunia nzima ya watafiti wanaujua.

Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, ilianza kurusha mchezo wa redio unaoitwa Twende na Wakati. Ulikuwa na mtu anaitwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake kila kituo, na mke wake Tunu ambaye taratibu anajifunza kusimama mwenyewe. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Kwa makusudi, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Walikuta sehemu zilizosikia mchezo watu walibadilika zaidi, wakiwemo walioenda kliniki za uzazi wa mpango.

Kwa muuzaji wa vitunguu hii inahusu nini? Inahusu sana. Ule mchezo haukuwa tangazo. Hakuna aliyesimama kupiga kelele "nendeni kliniki, ofa ya leo tu". Watu waliwafuata Mkwaju na Tunu kwa sababu walitaka kujua kesho itakuwaje. Kilikuja siku zilezile, saa ileile, na watu walewale. Ukiacha hadithi na ukabaki na tangazo, umebaki na kitu ambacho hakuna mtu anakifungulia redio.

Karatu una cha kusema, na ni kingi kuliko unavyodhani

Shida ya wengi ni "nitaongea nini?" Tukae hapa kidogo.

Chukua vitunguu. Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ni moja ya sehemu zinazojulikana sana nchini kwa vitunguu vyekundu vya umwagiliaji. Mnunuzi wa Dar au Mombasa anajua jina la Mang'ola lakini hajui kinachoendelea huko. Kipindi kimoja: kwa nini bei inapanda na kushuka ghafla. Kingine: namna ya kujua kitunguu kilichokauka shingo vizuri na kile kilichong'olewa haraka ambacho kitaoza ndani ya gunia. Kingine: lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga kelele miaka yote, lakini lile kofia la juu ya gunia bado lipo. Mlete mkulima mmoja na dalali mmoja, waulize nani anabeba hasara ya ile kofia. Hutahitaji kuandika maswali. Watagombana wenyewe, na mnunuzi anayekusikiliza atajua kwamba wewe unauza kwa kilo.

Kahawa. Mashamba ya Karatu na Oldeani yana kahawa ya arabika tangu enzi za walowezi. Unauza paketi za robo kilo mtandaoni? Eleza kwa nini kahawa iliyosagwa inapoteza harufu haraka kuliko ya punje. Eleza namna ya kupika bila mashine, kwa sufuria na kichujio cha chai. Rekodi mlio wa punje zikipasuka kwenye kikaangio. Sauti ile peke yake inauza, maneno ni ziada.

Vitu vya wageni. Karatu ndipo watalii wanapolala kabla ya kuingia geti la Lodoare kwenda Ngorongoro, kwa hiyo wengi wenu mnauza shanga, vinyago, bangili na mashuka kwa watu ambao kesho yake wanaondoka. Wanapenda, wananunua kimoja, wanapotea. Kipindi cha Kiingereza cha dakika sita kuhusu mama aliyetengeneza mkufu ule, alianza lini, rangi zake zina maana gani kwake, siku ngapi ameukalia, ni kitu mgeni atakachosikiliza akiwa ameshafika kwao Ujerumani. Weka alama ya kuskani kwenye kadi ndogo unayofunga na bidhaa, ikimpeleka kwenye kipindi na kwenye namba yako ya WhatsApp. Hapo mauzo ya siku moja yanaweza kuendelea.

Onyo moja hapa, na tunalisema kwa msisitizo. Wahunzi wa Kidatoga na Wahadzabe wa huko Eyasi wameshachoka kuwa picha za watu. Ukienda kumrekodi mhunzi anayeyeyusha chuma chakavu kuwa bangili, mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu, mweleze sauti itaenda wapi, na mlipe au mpe sehemu ya mauzo. Kama hadithi yake ndiyo inayouza bangili, basi naye ni mshirika wa biashara.

Na lugha? Mchague mteja kwanza, lugha itafuata. Wanunuzi wa jumla na wa Arusha, Moshi, Dar: Kiswahili. Wageni: Kiingereza rahisi, usijilazimishe lafudhi. Kama wateja wako ni wa vijiji vya Rhotia, Mbulumbulu au Endabash, mnajuana na mnasalimiana kwa Kiiraqw, weka Kiiraqw ndani yake bila aibu. Vipindi vya lugha hiyo ni vichache mtandaoni, na mtu akisikia lugha ya kwao anasimama.

Kurekodi bila studio

Simu yako inatosha. Nunua tu maiki ndogo ya kubana kwenye shati kama hela ipo. Kama haipo, hata hedifoni za waya zenye maiki zinasaidia kuliko kuongea ukiwa umeiweka simu mezani, mita moja kutoka mdomoni.

Kinachoharibu rekodi za huku ni vitu vitatu: upepo, bodaboda, na bati. Mvua ikigonga bati hakuna programu itakayokuokoa. Sehemu nzuri kuliko zote ni ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefungwa, limeegeshwa mbali kidogo na barabara kuu. Viti na kapeti vinameza mwangwi. Huna gari? Muombe dereva wa Noah dakika ishirini akiwa anasubiri zamu. Au chumbani, umekaa karibu na nguo zilizotundikwa, na blanketi dirishani. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Shika maiki kama shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili herufi "p" zisipige.

Rekodi majaribio ya nusu dakika, sikiliza kwa hedifoni, ndiyo uendelee. Hiyo nusu dakika itakuokolea saa nzima ya mgeni wako.

Kukata na kusafisha: kwenye kompyuta kuna Audacity, ni ya bure. Kwenye simu, hata CapCut mnayotumia kwa video inakata sauti vizuri. Usihangaike kuondoa kila "eeh". Ondoa tu sehemu zinazochosha.

Urefu? Kwa muuzaji mdogo, dakika tano hadi kumi na mbili. Wanaokwambia saa moja wana mashabiki tayari.

Mambo ya bando

Hesabu hii ijue, kwa sababu inaamua wateja wangapi watakusikia. Sauti iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho kinatosha kabisa kwa maongezi, inakula karibu MB 5 kwa dakika kumi. Ukihifadhi kwa kilobiti 128 inakuwa karibu MB 10, na kwa maongezi ya kawaida sikio la mteja halioni tofauti kubwa. Video ya dakika hizohizo yenye ubora wa kawaida inaweza kuzidi MB 100. Kwa mteja anayenunua bando la siku, hiyo ya video ni uamuzi mzito. Ya sauti anaifungua bila kufikiria.

Kwa hiyo usijisikie mnyonge kwamba huna kamera. Kwa soko letu, kukosa video kumekupunguzia mzigo.

Uweke wapi?

Wengi wanakimbilia Spotify. Ni sawa, ilifika rasmi Tanzania mwaka 2021, na programu yao ya kupandisha vipindi ni ya bure. Zamani iliitwa Anchor, wakainunua mwaka 2019, sasa inaitwa Spotify for Creators. Ukipandisha hapo unapata anwani moja unayoweza kuisajili na sehemu nyingine kama Apple Podcasts. YouTube nayo inafaa, weka picha moja ya bidhaa na sauti juu yake.

Lakini tuwe wakweli. Jiulize wateja wako kumi wa mwisho, wangapi wana Spotify kwenye simu? Na wangapi wana WhatsApp? Basi umeshajibu.

Kwa biashara nyingi zinazotusoma, podikasti ya kwanza ikae WhatsApp. Chaneli za WhatsApp zilikuja mwaka 2023, na unaweza kutuma sauti humo bila wateja kuonana namba. Orodha ya matangazo nayo inafanya kazi, ila kumbuka inamfikia tu mteja aliyehifadhi namba yako, na orodha moja kikomo chake cha kawaida ni watu 256. Makundi tunayakwepa. Kundi la wateja likishafika watu mia linageuka baraza la siasa na mpira.

Panga siku moja. Tuseme Alhamisi saa moja jioni. Tuma kipindi, chini yake andika mistari miwili: leo tumeongelea nini, na bidhaa gani ipo. Kata kipande cha sekunde thelathini kilicho kitamu zaidi ukiweke stetasi Jumatano, kiishie pale ambapo mtu anataka kujua zaidi. Fundi wa Twende na Wakati angekuelewa.

Spotify na YouTube ziwe ghala. Wageni na wateja wapya wakikutafuta wakukute. Na faili zako za asili zihifadhi mwenyewe, kwenye memori kadi au kompyuta ya rafiki. Google Podcasts ilikuwa ya moja ya kampuni kubwa mnazozijua, na mwaka 2024 waliifunga.

Kopa studio ya redio

Kuna njia ambayo haina gharama na wachache wanaitumia. Redio za jamii na za dini zinazosikika ukanda huu zinatafuta wageni kila wiki. Mbulu kuna Radio Habari Njema, Loliondo kuna Loliondo FM. Usiende kuomba kutangaziwa biashara, watakupeleka ofisi ya matangazo ukalipie, na ni haki yao. Nenda na mada: "Nataka kuwaeleza wasikilizaji namna ya kuhifadhi vitunguu miezi mitatu bila kuoza." Hiyo ni huduma kwa wasikilizaji wao. Mwishoni mtangazaji atakuuliza unapatikana wapi, ni kawaida yao. Kabla ya kuondoka omba nakala ya rekodi na ruhusa ya kuitumia. Umepata kipindi kilichorekodiwa na mtaalamu kwenye maiki nzuri. Kikate vipande vinne, una mwezi mzima.

Vilevile kuna podikasti za nje za wasafiri wanaopanga safari za Afrika Mashariki. Waendeshaji wake wanahitaji mtu anayeishi huku, siyo aliyepita siku tatu. Kama unakodisha magari, una nyumba ya wageni au unatembeza watu mashamba ya kahawa, waandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, uko wapi, unaweza kueleza nini ambacho wageni wengi hawakijui. Mfano, kwamba Aprili na Mei mvua inapunguza wageni, bei zinashuka, na nchi inakuwa ya kijani. Ukiwaandikia kumi, akajibu mmoja, umefanya kazi nzuri.

Mambo ya sheria, kwa kifupi

Usiweke wimbo wa Bongo Fleva mwanzoni mwa kipindi bila ruhusa ya mwenyewe, hata sekunde kumi. Hakimiliki zipo na COSOTA wapo. Rekodi ndege wa asubuhi au ngoma ya jirani aliyekubali.

Usiseme asali yako inatibu kisukari, vidonda vya tumbo au nguvu za kiume. Ukitaja tiba umetoka kwenye chakula, umeingia kwenye eneo lenye mamlaka zake na vibali vyake.

Sauti ya mteja na jina lake ni taarifa zake binafsi, na tangu 2023 tuna sheria inayofanya kazi ya kuzilinda. Ile sauti aliyokutumia inboksi akikusifia siyo yako kuirusha. Mwombe kwanza, akikubali kwa maandishi hifadhi jibu lake.

TCRA wana kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022. Mtu anayeongelea bidhaa zake yuko tofauti na anayeendesha chombo cha habari, lakini ukianza kuchanganya taarifa za habari na matukio ya siasa, unaweza kuhitaji leseni. TCRA wana ofisi ya kanda Arusha. Uliza kabla, kuuliza ni bure.

Je, inalipa?

Twende kwenye hela, maana ndiyo tumekuja kutafuta. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako.

Tuseme kopo la asali la nusu lita linakuachia faida safi ya 3,000. Kipindi kimoja: boda kwenda kwa mfugaji nyuki na kurudi 6,000, soda na andazi la mgeni 1,000, bando 2,000. Jumla 9,000. Makopo matatu yamerudisha. Lakini umetumia pia saa nne za kwenda, kurekodi na kukata. Saa zako zina bei. Ukizipa 2,000 kila moja, gharama inakuwa 17,000, na sasa unahitaji makopo sita. Wengi wanasahau hesabu ya saa, ndiyo maana wanachoka bila kujua kwa nini wamechoka.

Utajuaje kwamba makopo yale sita yametokana na kipindi? Weka neno. Kila kipindi kina neno lake, "Oldeani" wiki hii, "mzinga" wiki ijayo. Unasema mara moja tu, katikati ya kipindi, siyo mwanzoni: ukinitumia neno hili nakupunguzia 500. Faida inashuka hadi 2,500, kwa hiyo sasa unahitaji makopo saba badala ya sita. Lakini umepata kitu ambacho wenye matangazo ya kulipia wanakinunua ghali: unajua nani alisikiliza hadi katikati na akatoa hela.

Andika kwenye daftari: kipindi, neno, wangapi. Usiangalie idadi ya waliofungua. Waliofungua hawalipi kodi ya fremu.

Kipindi hakiozi pia, na hapa ndipo kinapoishinda posti. Kile cha asali kuganda utakituma tena kila mwezi wa sita, baridi inapoanza, kwa kila mteja mpya, bila kurekodi upya. Baada ya mwaka una vipindi kumi na tano vya namna hiyo vinavyojibu maswali yaleyale uliyokuwa unayajibu usiku wa manane kwa vidole.

Mahali podikasti nyingi zinapofia ni kipindi cha nne au cha tano. Mtu anaanza kwa moto, anapata wasikilizaji kumi na wawili, anavunjika moyo. Kwa hiyo tunashauri hivi: usitangaze chochote hadi uwe umesharekodi sita. Sita zikiwa kwenye simu, una wiki sita za kupumua. Ukiumwa, ukiwa na msiba, au siku ya mnada ikikumeza, kipindi bado kinatoka. Na kama ukishindwa kufikisha sita hata kabla ya kuanza, umegundua mapema kwamba hii siyo njia yako, na hujapoteza jina kwa mteja hata mmoja. Wengine kazi yao ni picha nzuri na majibu ya haraka inboksi, na biashara inakwenda vizuri tu.

Ukifikisha sita, fanya hivi kabla ya Alhamisi ya kwanza: watumie wateja watano unaowaamini kipindi cha kwanza, waulize swali moja, "Ulizima dakika ya ngapi?" Watakaosema hawakuzima, waulize mwishoni ulisema nini. Asiyekumbuka alizima. Kata pale walipozima, halafu tuma.